Sikio la Mnukuzi: Hedifoni Zilizofungwa na Hatima ya Matini Simulizi

Aghalabu sura ya tatu ya tasnifu ya fasihi simulizi humweleza msomaji mambo mengi: eneo la utafiti, sampuli, namna mahojiano yalivyoendeshwa, nadharia iliyoongoza uchanganuzi, na kwamba nyimbo au ngano zilizokusanywa zilinaswa kwa kinasasauti kisha zikanukuliwa. Maelezo hukomea hapo. Baina ya kunaswa na kunukuliwa mna kazi ya majuma, pengine miezi, ambayo mtafiti huifanya akiwa peke yake, kalamu mkononi na hedifoni masikioni, akizirudia sekunde nne zile zile mara kumi ili alipate neno moja. Kila silabi inayoingia katika kiambatisho cha tasnifu hiyo imepitia kwanza katika vikombe viwili vya plastiki vilivyoyafunika masikio yake. Kuhusu vikombe hivyo tasnifu haisemi lolote.

Makala haya yanashikilia kuwa kimya hicho ni kasoro ya kitaaluma. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anawajibika kujua kinachoitengeneza na kinachoiharibu sauti ya hedifoni zake, sawasawa na anavyowajibika kuijua nadharia anayoitumia. Wapo watakaosema kuwa hilo ni suala la mafundi wa vyombo vya elektroniki, wala halimhusu msomi wa fasihi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito lau matini simulizi ingekuwa kitabu. Tangu Ruth Finnegan alipochapisha utafiti wake kuhusu fasihi simulizi ya Kiafrika mwaka 1970, na Isidore Okpewho akaufuatia na wake mwaka 1992, wanafunzi wamefunzwa kuwa uhai wa fasihi hiyo umo katika utendaji: sauti, mdundo, kiitikio, kicheko cha hadhira. Ikiwa ni hivyo, basi chombo kinachoibeba sauti hiyo hadi sikioni mwa mnukuzi ni sehemu ya utafiti.

Mjini Kakamega jambo hili si la kinadharia tu. Umbali mfupi kutoka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kuna Shinyalu na Ikolomani, nyumbani kwa Waisukha na Waidakho, wenye ngoma ya isukuti. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha ngoma hiyo miongoni mwa urithi wa kitamaduni usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu zilizotajwa zinafahamika kwa yeyote aliyehudhuria matanga au mapigano ya mafahali katika sehemu hizo: wajuzi wengi ni wazee, warithi ni haba, fedha na vifaa vya kutengenezea ala na maleba havitoshi, na hadhira imevutwa na burudani nyingine. Kwa hivyo kile kinachonaswa leo huenda kisinaswe tena. Kiongozi wa wimbo akishafariki, mnukuzi aliyeandika neno visivyo hana wa kumrudia amuulize.

Isukuti huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zikiandamana na pembe ya swala na njuga za chuma. Juu ya mchanganyiko huo kiongozi huimba, nao wachezaji humwitikia. Ni vigumu kupata mtihani mkali zaidi kwa hedifoni. Ngoma kubwa imo katika sauti nene kabisa, njuga zimo katika sauti nyembamba kabisa, na maneno, ambayo ndiyo mtafiti anayatafuta, yamebanwa katikati.

Pana hedifoni za aina mbili kuu. Zipo zilizo wazi mgongoni, ambazo kikombe chake kina matundu yanayoiachilia sauti ya nyuma ya spika itoke nje, na zipo zilizofungwa, ambazo mgongo wake ni ukuta mzima. Wajuzi wengi wa muziki huzisifu zilizo wazi kwa kuwa sauti yake hupumua na kutandaa. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa Kakamega sifa hizo hazimfai sana. Mji huu hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi huja alasiri kwa radi na wakati mwingine kwa mawe. Chumba chenye paa la mabati wakati huo hakisikiki kitu. Vyumba vya kupanga navyo vina majirani, redio na pikipiki za bodaboda zinazopita dirishani. Hedifoni zilizo wazi huyaingiza hayo yote na kumtolea jirani kila kilichonaswa, jambo ambalo si la adabu kama kilichonaswa ni mahojiano ya faragha na mjane. Zilizofungwa ndizo zinazomstahiki mtafiti huyu. Lakini kufungwa huko ndiko pia chanzo cha takriban kasoro zake zote, na hapo ndipo pa kutua kidogo.

Kiswahili chenyewe kinatoa njia nyepesi ya kulielewa jambo hili. Ngozi iliyowambwa juu ya ngoma huitwa kiwambo. Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna kiwambo pia, utando mwembamba ambao aghalabu una kipenyo cha milimita 30 hadi 50, uliogandishwa kwenye koili ndogo ya waya iliyo kando ya sumaku. Umeme unapopita katika koili, koili husukumwa na kuvutwa, utando ukaenda nayo, na hewa ikatikisika. Nyuma ya utando huo kuna uwazi uliofungwa, kama mzinga wa ngoma ulivyo nyuma ya ngozi. Mchongaji wa isukuti hahitaji kuambiwa kuwa ukubwa wa mzinga hubadilisha sauti. Ngoma zake tatu zinatofautiana kwa sababu hiyo, pamoja na mkazo wa ngozi.

Hewa iliyofungiwa nyuma ya utando hufanya kazi kama springi. Kikombe kikiwa kidogo, springi hiyo huwa ngumu, utando ukashindwa kwenda mbele na nyuma kwa ukunjufu, na sauti nene ikabadilika: mahali fulani huvimba, na chini ya hapo huporomoka. Ndiyo maana watengenezaji makini hutoboa kitundu kidogo katika kikombe na kukifunika kwa kitambaa chembamba ili hewa ipumue kwa kipimo. Kwa kweli, nyingi ya hedifoni zinazoitwa zilizofungwa hazijafungwa kabisa. Mwanafunzi anayekiona kitundu hicho akadhani ni kasoro na kukiziba kwa gundi, huwa ameibadilisha sauti ya chombo chote.

Kasoro ya pili hutokana na ukuta wa nyuma. Utando hutoa sauti mbele kuelekea sikioni, na kiasi kile kile nyuma kuelekea ukutani. Sauti ya nyuma hugonga ukuta, ikarudi, ikaupenya utando ambao ni mwembamba, na kufika sikioni ikiwa imechelewa. Mawimbi mengine huongezewa nguvu kwa kuchelewa huko na mengine hufutana. Ukuta ukiwa umbali wa sentimita 3, mwangwi wa namna hiyo hutarajiwa kuwa mkali karibu na mitetemo 5,700 kwa sekunde. Hesabu hiyo si ya bure kwa msomi wa lugha. Katika eneo hilo la sauti ndimo ilimo sehemu kubwa ya mkwaruzo wa s, na si mbali na hapo umo wa sh na wa ts. Majina ya mahali yenyewe, Shinyalu, Khayega, Isukha, yanaonyesha jinsi lugha za eneo hili zinavyotegemea konsonanti za mkwaruzo. Hedifoni inayopiga kelele yenyewe katika masafa hayo huzifanya s zote ziwe kali, na njuga za chuma zikapanda juu ya konsonanti. Dawa yake ni pamba, sufu au sponji inayowekwa ndani ya kikombe ili inyonye sauti inayorudi. Katika hedifoni za bei ya chini mara nyingi ndani hamna kitu. Mgonge mgongo wa kikombe kwa ukucha: ukilia kama kopo tupu, shaka imepata msingi.

Hata hivyo, lipo jambo linalozidi yote hayo kwa uzito, nalo ni mto. Mto ni ile sponji ya mviringo iliyovishwa ngozi ya bandia, inayokaa baina ya kikombe na kichwa. Wengi huudhania kuwa ni wa starehe tu. La hasha. Sauti nene ya hedifoni zilizofungwa inategemea kwamba hewa iliyo baina ya utando na sikio imezibwa. Ikipata upenyo, hata mwembamba, sauti nene hutoroka, na kadiri mtetemo ulivyo wa chini ndivyo inavyotoroka zaidi. Ngoma kubwa ya isukuti inaweza kunywea kutoka kwa mshindo hadi kwa mgoto wa kidole juu ya meza, na msikilizaji asigundue kuwa amepoteza kitu, kwa maana maneno yangali yanasikika vyema.

Upenyo hutoka wapi? Kwanza, katika mto uliochakaa. Ngozi ya bandia hupasuka kwa jasho na mafuta ya nywele, ikaanza kubambuka vipande vyeusi vinavyobaki shingoni. Sponji nayo hulala isiinuke tena. Sponji ikilala, utando husogea karibu na sikio, na sauti nyembamba pia hubadilika. Pili, katika miwani, ambayo mikono yake hupita chini ya mto na kuacha mfereji. Tatu, katika nywele za kusuka, kilemba, leso au hijabu. Hili la tatu halizungumzwi kabisa, pengine kwa kuwa vipimo vingi vya hedifoni hufanywa kwa kichwa cha bandia kisicho na nywele. Msichana aliyesuka mistari minene na mvulana aliyenyoa upara wakizivaa hedifoni zile zile kwa zamu, hawasikii wimbo mmoja. Wakipewa kazi ya kunukuu kwa pamoja, tofauti zao huenda zikaitwa tofauti za tafsiri, kumbe ni tofauti za mto.

Kipo kipimo rahisi kisichohitaji fundi. Msikilizaji acheze sehemu yenye ngoma nyingi, kisha avibane vikombe polepole kwa viganja. Sauti nene ikiongezeka kwa kiasi kikubwa, hedifoni zilikuwa zinavuja. Ikibaki karibu vile vile, zimeziba. Utepe wa kichwani uliolegea kwa umri hutoa matokeo yale yale ya mto mbovu, kwa kuwa hauna tena nguvu ya kuvibana vikombe.

Ni insafu kusema pia kisichoharibika. Lugha za Kiluhya, Kiidakho kikiwemo, zina toni, na Kristopher Ebarb aliiandikia toni ya Kiidakho tasnifu nzima mwaka 2014. Mtu angedhani kuwa hedifoni inayopoteza sauti nene hupoteza na toni. Haiwi hivyo kwa urahisi. Sikio la mwanadamu hutambua kimo cha sauti hata msingi wake ukikosekana, kwa kukisia kutokana na mawimbi ya juu yanayouandamana. Kwa sababu hiyo simu za zamani, zilizopitisha mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde tu, hazikumzuia mtu kutambua sauti ya babake. Kwa hivyo mnukuzi mwenye hedifoni zinazovuja anaweza kuziweka alama za toni barabara. Atakachokosa ni ngoma. Ataandika wimbo wa isukuti kama shairi lililoghaniwa na mtu aliyeketi, na katika uchanganuzi atasema mdundo umejengwa na silabi, huku ngoma kubwa iliyompa kiongozi nafasi ya kuvuta pumzi haimo katika hesabu yake.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, nalo ndilo linalouzwa kwa bidii. Katika vibanda vya vifaa vya simu, hedifoni husifiwa kwa neno moja, besi. Zinatengenezwa makusudi ili sauti nene ivimbe, na kwa muziki wa dansi huenda mnunuzi akaridhika. Kwa mnukuzi ni balaa. Kanuni ya usikivu ni kwamba sauti nene yenye nguvu huifunika sauti iliyo juu yake kuliko sauti ya juu inavyoweza kuifunika nene. Ngoma ikivimba, hulimeza neno la kiongozi. Mtafiti hurudia sekunde zile zile, huongeza sauti, ngoma nayo ikaongezeka pamoja nayo, hatimaye huandika ndani ya mabano kuwa maneno hayasikiki. Mabano hayo hubaki katika tasnifu kana kwamba ni hali ya tukio lenyewe. Huenda maneno yalisikika wazi kwa kila mtu aliyekuwapo uwanjani.

Bei si mwongozo wa kutegemewa. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya kupima hedifoni 283 za aina mbalimbali, na hakuona uhusiano baina ya bei na namna zinavyogawa sauti nene na nyembamba. Tajiri anaweza kununua besi iliyovimba kwa fedha nyingi. Vilevile imani kuwa hedifoni mpya zinahitaji kuchezeshwa saa mia moja ndipo zikomae haipaswi kumpotezea mtafiti muda. Kinachobadilika zaidi katika saa hizo ni sponji inayolainika na sikio linalozoea.

Kuhusu umeme maneno machache yanatosha. Hedifoni zina ukinzani unaopimwa kwa omu, na modeli moja huweza kuuzwa kwa viwango tofauti. DT 770 Pro ya Beyerdynamic, kwa mfano, imekuwa ikiuzwa kwa omu 32, 80 na 250. Ya omu 250 ikichomekwa kwenye simu hutoa sauti dhaifu, si kwa ubovu bali kwa kuwa simu haina msukumo wa kutosha. Ya omu 32 ndiyo ya mwanafunzi. Zile zisizo na waya huibana sauti kabla ya kuirusha, na nyingi huirekebisha kwa programu ambayo mtumiaji haioni, kwa hiyo kwa kazi ya kunukuu waya ungali bora. Nazo zenye uwezo wa kufuta kelele hufanya vyema dhidi ya ngurumo ya injini isiyobadilika, lakini mvua juu ya mabati ina sauti nyingi nyembamba zisizotabirika, ambazo huzuiwa vyema zaidi na ukuta na mto mzima. Simu iliyotumiwa kunasa, ambayo nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe, ni mada ya makala nyingine. Hedifoni haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea kwenye kinasio.

Mto mzima una faida nyingine inayohusu mwili wa mtafiti. Kelele ikipenya, mtu huongeza sauti bila kujua. Shirika la Afya Duniani na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika kanuni yao ya mwaka 2019, waliweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma kwa mtu mzima. Mtafiti anayenukuu kuanzia asubuhi hadi jioni huzifikia saa hizo 40 kabla juma halijaisha. Akiwa ameongeza sauti ili kuishinda mvua, analipia tasnifu kwa masikio atakayoyahitaji maisha yake yote.

Basi lifanyike nini? Idara za Kiswahili na vyama vya wanafunzi vina mazoea ya kuomba tarakilishi na vitabu, na maombi hayo ni ya haki. Lakini jozi mbili za hedifoni zenye waya, zilizofungwa, ambazo mito yake hubandukana na mipya kupatikana, zingewafaa wanafunzi wengi wa uzamili kwa miaka. Sony MDR-7506, iliyotolewa mwaka 1991 na kutumiwa sana studioni na redioni, ni mfano wa aina hiyo: mito yake hubambuka upesi, ila huvuliwa ikavikwa mingine kwa dakika chache. Anayeazima aazime pamoja na daftari la kuandikia lini mito ilibadilishwa. Wapo watakaopinga kuwa mwanafunzi ajinunulie mwenyewe. Ajinunulie akiweza, lakini matini anayoitoa haiwi yake pekee. Itanukuliwa na wengine, itafundishwa, na pengine itakuwa ndiyo nakala pekee ya wimbo huo iliyoandikwa.

Hugh Tracey alinasa muziki nchini Kenya mwaka 1950 na 1952, na nyingi ya sauti hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Baadhi yake zimerejeshwa kwa jamii zilizoziimba baada ya zaidi ya miaka sitini. Sauti ilipohifadhiwa vyema, mtu wa kizazi kingine anaweza kuisikiliza upya kwa chombo bora na kusahihisha maandishi. Lakini ili asahihishe, sharti ajue yaliyoandikwa yalisikilizwa kwa nini na katika hali gani.

Mistari mitano katika sura ya tatu ingetosha: kinasasauti kilichotumiwa na aina ya faili, jina la hedifoni na hali ya mito yake, kama mnukuzi alivaa miwani au kilemba, chumba alimofanyia kazi na kama mvua ilikuwa ikinyesha. Na kila mahali palipoandikwa kuwa maneno hayasikiki, msimamizi aulize ni nani mwingine aliyesikiliza, kwa hedifoni zipi, kabla ya tasnifu kupelekwa kujalidiwa.